Mwaka Niliolipwa Kuuwaza Mwisho wa Dunia

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mkutano wa mtandaoni wa watu tuliokuwa pamoja katika ile programu ya kiangazi. Nyuso zilikuwa zilezile, zimenenepa tu, na vichwa vingine vimeanza upara. Kila mmoja akaeleza alikofika. Huyu anaishauri serikali ya kwao kuhusu mashine zenye akili, yule ana maabara yake, mwingine ameandika kitabu kinene juu ya volkano. Wakacheka sana walipomkumbuka mwenzetu aliyekuwa akisinzia kwenye mihadhara huku kamera yake ikiwa wazi. Zamu yangu ilipofika, aliyekuwa akiendesha mkutano akasema kwa bashasha, "Salma, wewe ndiye uliyekuwa huko hasa, mtoni. Tuambie ulijifunza nini." Nikasema mtandao wangu unasumbua, nikajitoa. Mtandao haukuwa na ubaya wowote. Nilibaki nimeketi, simu mapajani, hasira zimenipanda, na sikujua hasa namkasirikia nani. Binti yangu aliingia kuniuliza kama nitakunywa chai, akaniona uso, akarudi zake. Swali lenyewe lilikuwa la haki. Ila jibu lake si la dakika mbili, na si la kuambiwa watu waliokuwa wakicheka.

Wao waliita ile miezi kiangazi, kwa kuwa kwao ilikuwa kiangazi. Sisi Garsen, kando ya Mto Tana, masika yalikuwa yamekwisha kumwagika bara, na mto ulikuwa umetuletea maji yote ya huko juu kwa pamoja, na matope yake, na miti yake, na siku moja paa zima la nyumba ya mtu. Tulikuwa vijana wa nchi mbalimbali, tumechaguliwa baada ya maombi na mahojiano marefu, tukapewa posho ili tutafiti namna ya kupunguza majanga makubwa kabisa, yale yanayoweza kuwamaliza binadamu wote au kuwarudisha mapangoni. Kila mmoja alikuwa na janga lake. Kuna waliopewa magonjwa, kuna waliopewa vita vya nyuklia, kuna mmoja aliyepewa vimondo vinavyoanguka kutoka angani, na huyo alikuwa mchangamfu kuliko sote. Mimi nilipewa njaa. Tuseme volkano kubwa imelipuka, vumbi limelifunika jua kwa miaka, mahindi hayaoti na mpunga hauoti. Watu watakula nini? Msimamizi wangu, Dakta Helena, mwanamke mpole aliyekuwa akizungumza nami kwenye skrini huku ameshika kikombe chake kwa mikono miwili, aliamini kwamba sehemu ya jibu imo katika vyakula vya porini walivyokula watu zamani wakati wa dhiki. Alinitaka nikusanye vya Mto Tana: majina yake, vinakopatikana, na zaidi ya yote namna vinavyotolewa sumu, kwa kuwa vingi vina sumu. Nilizaliwa Kipini, mtoni napajua, na nilidhani kazi hiyo itakuwa mteremko.

Nilipanga chumba na Naomi, msichana wa kijiji cha Hewani aliyekuwa akihudumu katika hoteli moja karibu na stendi, wanakoshuka kula abiria wa Lamu na Malindi. Chumba kilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo, kwa hiyo nguo zetu zilinuka dawa ya kupe muda wote, hata za kwendea harusini. Ukuta uliotutenga na jirani ulikuwa wa mbao nyembamba, na jirani alikuwa dalali wa mbuzi asiyejua kunong'ona. Bei ya beberu tulikuwa tukiijua kabla ya mwenye beberu. Naomi alikuwa akirudi jioni na kilichobaki hotelini: chapati zilizokauka pembeni, maharagwe, mara nyingine wali wa pilau uliokwangwa chini ya sufuria, ule wa rangi ya kahawia ambao hadi leo naupenda kuliko wa juu. Tulikula mkekani, miguu yake ndani ya beseni la maji kwa kuchoka kusimama, nami nikimweleza niliyoambiwa siku hiyo kuhusu kuangamia kwa ulimwengu.

"Kwa hivyo wewe unalipwa kufikiria dunia ikiisha?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ndiyo."

"Na ikiisha kweli, hao watu watakulipa aje?"

Alicheka mpaka maji ya beseni yakamwagika. Upande wa pili wa ukuta dalali naye akacheka, bila ya kualikwa. Nilikuwa nimempenda Naomi tangu hapo, na nilipomwambia natafuta vyakula vya njaa nilitaraji atanisaidia mara moja. Badala yake alitoa miguu ndani ya maji, akaipangusa kidole kimoja kimoja. Akaniambia kuna kiazi cha porini, kinaota msituni karibu na Hewani, kina sumu kali. Hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kikapuni, na kikapu hufungwa mtoni penye maji yanayokwenda, kikae huko siku kadhaa mpaka uchungu wote uchukuliwe na mto. Mama yake alimwonyesha utotoni hata pa kukifunga, kwenye mizizi ya mti fulani ukingoni. "Lakini usiulize mbele ya watu," akasema. "Kwetu ukitaka mtu akupige, mwambie kwao hulowekwa kiazi." Maana mto ndio njia ya kila mtu. Kila anayekwenda kuteka maji, kufua au kuvuka, atakiona kikapu, atajua ni cha nani, na atajua kuwa nyumba ile haina chakula. Wakati wa njaa kubwa ya wazee wao, vikapu vilijaa ukingoni na hapakuwa na wa kumcheka mwenzake. Njaa ilipopita, wakaanza kuchekana, na kicheko hicho hakijaisha.

Niliuliza hata hivyo. Nilizunguka vijiji vyote vilivyofikika, nikakaribishwa vizuri, nikapewa ndizi na viti vya heshima. Hewani waliniambia, "Sisi hatujakula hiyo kitu. Labda watu wa Wenje." Nikapanda hadi Wenje, safari ya kuvunja mgongo, nako wakaniambia, "Huku? Hapana. Huku tuko na maembe, tuko na mahindi. Waulize wa huko juu." Mzee mmoja aliniambia hajawahi kukisikia, kisha nilipokuwa nikiaga akanisahihisha nilivyoeleza upana wa vipande. Nilicheka mwenyewe njia nzima. Nikamwambia Dakta Helena, naye akacheka kwa upole, akasema hiyo aibu nayo ni matokeo ya utafiti, niiandike. Niliiandika. Nilikuwa bado naiona aibu kuwa kitu cha kuchekesha.

Kisha maji yakazidi kupanda na kicheko kikaisha. Mashamba ya Hewani yalizama yote, mpunga na mahindi na migomba, na ule mpunga uliokuwa umevunwa ukaoza ghalani. Watu wengi wakahamia penye mwinuko kando ya barabara, wakajenga vibanda vya maturubai na matawi, wakangojea malori ya msaada. Malori yalikuja mara moja, yakakwama, yakarudi. Mama yake Naomi hakuhama. Nyumba yake ilikuwa juu kidogo, maji yaliishia mlangoni kwake, akasema Mungu amemnusuru na hana haja ya kulala chini ya turubai. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Kwa miaka yote yeye ndiye aliyekuwa akiwapikia wageni, wagonjwa na wafiwa. Kila Naomi alipompigia simu jibu lilikuwa lile lile, nami nilikuwa nikilisikia maana chumba kilikuwa kidogo: "Niko na chakula tele, mwanangu. Kula wewe." Naomi alimtumia unga kwa mtu wa mtumbwi, tukasikia baadaye kwamba nusu aliwapelekea wanawake waliojifungua karibuni pale vibandani. Usiku huo huo Naomi hakula. Alisema ameshiba harufu ya jikoni. Nikaona mashavu yake yameingia ndani, na mimi nina makala nzima kwenye kompyuta juu ya binadamu atakavyokosa chakula siku zijazo.

Siku hizo mikutano yetu ya mtandaoni ilianza kunichoma. Walikuwa watu wema, nisiwasingizie. Lakini walikuwa wakibishana kama janga linalobakiza watu wachache liitwe mwisho au lisiitwe mwisho, na mimi dirishani nawaona wanawake wa vibandani wamekuja mjini kuomba maganda ya ndizi, wakisema ni ya mbuzi. Mbuzi gani? Mbuzi walikuwa wameuzwa kitambo. Dalali wetu aliwanunua kwa bei ya kutupa na ukutani tulimsikia akijisifia. Nilitaka kupiga kelele, na sikujua nimpigie nani.

Tukaamua kwenda. Naomi aliomba ruhusa kazini, tukapata mtumbwi, tukafika Hewani kabla ya adhuhuri. Mama Naomi alitupokea mlangoni amevaa leso safi, kichwa amekifunga vizuri, akatukumbatia. Nilihisi mifupa ya mabega yake. Ndani kumefagiliwa, vikombe vimepangwa kabatini, picha ya Naomi ya kumaliza shule imepanguswa vumbi. Akatukalisha, akaingia jikoni, na baada ya muda akatoka na sinia la wali mweupe na kambare wa kukaanga. Wali ule ulikuwa umepakuliwa bila ya kushindiliwa ili uonekane mwingi.

"Mama, na wewe?" Naomi akauliza.

"Mimi nimekula mapema. Mle nyinyi mmetoka mbali."

"Mama, kaa basi ule kidogo na sisi."

"Wewe Naomi! Mbele ya mgeni unataka kunibishia? Mwanangu Salma, kula. Usimsikilize huyu."

Tulikula. Ulikuwa wali mtamu sana, na mpaka leo nautaja kwa uchungu, kwa sababu ulikuwa wa mwisho mle nyumbani. Nilipojaribu kumuuliza juu ya kiazi, kwa kuzunguka, kwa heshima, alitabasamu akasema hayo ni mambo ya watu wa zamani. Kisha akarudi jikoni akafunga mlango, na tukasikia kijiko kikigusa sufuria.

Alasiri tulikuwa nje tukiosha vyombo alipotoka akishika ukuta. Akasema kichwa kinazunguka. Akatapika. Naomi akamkalisha kivulini akampa maji, lakini maji yakawa yanamtoka pembeni mwa mdomo, na alipotaka kusema ulimi ulikuwa mzito. Mikono ikaanza kutetemeka. Nilikuwa nimesoma yote haya. Katika makala alizonipa Dakta Helena, mpangilio ulikuwa ni huo: kizunguzungu, matapishi, ulimi kufa ganzi, kutetemeka, halafu degedege, halafu pumzi. Nilimtazama mama wa watu akijaribu kuifunga leso yake iliyolegea, nikajua kilichokuwa ndani ya sufuria ile. Tulimbeba hadi mtumbwini. Mwenye mtumbwi alipiga kasia kwa nguvu zake zote, Naomi akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kukatika, si kwa kuomba, ila ili mama yake asilale. Barabarani pikipiki ikatuchukua watatu, mgonjwa katikati.

Kituo cha afya kilikuwa kimejaa watu wa vibandani. Kwenye benchi la ukutani waliketi wanawake wa Hewani na watoto wao, na wote waliinuka walipomwona kiongozi wao akiingizwa amebebwa. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akampima malaria huku akiuliza.

"Amekula nini leo?"

"Wali," Mama Naomi akajibu mwenyewe. Ilimchukua muda kulitoa neno. "Wali na samaki. Muulize huyu mgeni. Alikuwa kwangu."

Macho yote yakanigeukia, na yake yakiwa ya kwanza. Alikuwa akiniomba.

"Mimi nilikula wali," nikasema. "Yeye sikumwona akila. Daktari, nadhani amekula kiazi cha porini ambacho hakijatoka sumu."

Mama Naomi alinitazama bila ya hasira, na hilo ndilo lililonivunja. "Mwanangu," akasema, "nimekupa chakula nyumbani kwangu."

Naomi akapiga magoti, akamshika mikono iliyokuwa ikitetemeka. "Mama, sema tu. Ni mimi. Hapa hakuna mtu. Mama, nakuomba, sema."

Lakini watu walikuwapo. Mama Naomi akageuza macho kwenye benchi, akawatazama wanawake aliowapikia miaka yote, akasema tena, polepole, "Wali." Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho. Degedege ikamshika. Daktari aliniamini mimi, nashukuru, akaacha mambo ya malaria, akafanya alichoweza kwa dawa alizokuwa nazo, lakini pumzi ilikuwa imeanza kukata, na gari la kumpeleka hospitali kubwa lisingeweza kuvuka maji. Alikufa jua halijatua, mkono wake ndani ya mikono ya binti yake. Naomi hakulia. Alimfunga mama yake leso vizuri, akalainisha mikunjo, kama anayemtayarisha kwenda ibadani.

Kesho yake asubuhi tulirudi Hewani kutafuta nguo ya kumzikia. Chini ya kitanda palikuwa na ndoo iliyofunikwa kwa leso. Naomi akaifunua. Vipande vyeupe, vyembamba, vilivyokatwa kwa ustadi, vimelala ndani ya maji mazito yenye povu. Pembeni palikuwa na kidumu kitupu. Maji safi siku hizo yalitoka kwenye tangi la vibandani, na foleni yake ilikuwa ya nusu siku. Yale yaliyotuama mlangoni yalinuka vyoo, na akienda kuteka mtoni mara kwa mara angeulizwa ni ya nini; ya kubadilishia ndoo angeyatoa wapi? Na mto ulikuwa pale pale, unapita mbele ya mlango wake, unakwenda bure mchana kutwa. Naomi alichuchumaa akaifunika tena ndoo ile. "Hii haitoki hapa," akaniambia. "Watu wakiuliza, ni malaria. Naomba, Salma." Nikamwambia sawa. Ningemwambia nini?

Dakta Helena alinipigia mchana huo, nikiwa nimerudi Garsen, kwa kuwa nilikosa mkutano. Nilimweleza. Aliweka kikombe chake chini, akavua miwani. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ujuzi ulikuwa umepotea?"

"Haukupotea. Alikata vizuri. Alijua mpaka mzizi wa kufungia kikapu."

"Sasa kwa nini hakukipeleka mtoni?"

"Kwa sababu mtoni kuna watu."

Aliniambia niache kazi nikae na wafiwa, nichukue muda wowote ninaohitaji. Nilimshukuru, nikakata simu, nikalia mpaka dalali akagonga ukuta kuniuliza kuna nini. Kazi yenyewe niliimaliza baadaye, ikasifiwa, na katika meza zao bila shaka ipo hadi leo. Lakini siku ile nilikuwa nimekata tamaa na kila kitu: na utafiti, na mto, na mdomo wangu uliosema kweli usiokoe mtu. Ikiwa mama mmoja hodari anaweza kufa hatua chache kutoka kwenye dawa yake, kwa sababu tu ya macho ya majirani, basi hilo jua likifunikwa sisi tutafanya nini? Nilijiuliza hivyo siku ile, na bado sijapata wa kunijibu.

Makaburi ya kijiji yalikuwa chini ya maji, kwa hiyo alizikwa kwenye mwinuko karibu na vibanda. Walikuja wengi, waliokuwa na sare za akina mama wakazivaa, nyingine zina madoa ya matope yasiyotoka. Watoto waliachwa vibandani ili kusiwe na kelele. Mhubiri alisema maneno mazuri juu ya mkono uliolisha wengi. Akasema malaria imetunyang'anya mama yetu. Wanawake wakaitikia kwa kichwa, upesi, wote kwa pamoja, nami nikaona jinsi walivyoshusha pumzi.

Naomi, aliyekuwa kando yangu, aliniachia mkono. Akasogea hadi kwenye udongo mbichi. Alianza kwa Kipokomo, lugha ya kwao, kisha akageuka akasema kwa Kiswahili ili na wageni wasikie.

"Mama yangu hajakufa na malaria. Amekufa na kile kiazi. Alikiloweka kwa ndoo, chini ya kitanda, na maji ya kubadilisha hakuwa nayo. Mto uko hapo, nyote mnauona. Hakwenda, kwa sababu nyinyi mko njiani na mngemwona. Aliwaogopa nyinyi. Aliniogopa hata mimi." Sauti ikamkatika, akaitafuta tena. "Sasa mimi nauliza. Mbele ya mama yangu nauliza. Ni nani mwingine ako na ndoo nyumbani?"

Mhubiri akafunga kitabu chake. Kisha mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akajifunga leso kiunoni akaondoka, bila ya kumtazama mtu, kuelekea vibandani. Akafuatia mwingine. Akafuatia mama mtu mzima aliyekuwa ameshika mkongojo, kisha wawili pamoja, kisha mstari wote wa sare ukavunjika. Mwanzo walikuwa wakitembea. Halafu wakaanza kukimbia, kwa sababu saa ya chakula cha mchana ilikuwa imefika, na watoto walikuwa peke yao vibandani.